Nafasi ya Nne

Mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi huingia hadi kwenye wino.
Niliipuliza kalamu kwa pumzi, ndipo ikakubali kuandika.
Tulikuwa watano, meza moja, birika moja la chai,
na nafasi nne za mwaliko
kwa wachezaji ambao pointi zao hazikufika.

Ya kwanza ilikwenda kabla sukari haijayeyuka:
mtoto wa mwenye saruji, aliyetununulia nyavu mpya.
Hakuna aliyeitaja saruji.
Tulisema, kijana ana moyo.

Ya pili, bingwa wa zamani, goti ndani ya bendeji.
Watu watakuja kumtazama, walisema.
Kweli watakuja. Hata mimi ningekuja.

Ya tatu, mgeni wa Ndola,
maana mwaka jana nao walimpokea wa kwetu.
Deni ni deni. Nikaandika.

Ikabaki moja.
Nikasema: Masengo, wa Katuba.
Yule msichana apigaye mpira ukutani nyuma ya mashine ya kusaga;
mashine ikinguruma huusikii mpira, unauona tu
ukienda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Raketi yake ina nyuzi za rangi tatu,
kila uzi ulikatika siku yake.

Ana pointi ngapi?
Hana, nikasema. Pointi ziko Likasi, ziko Kolwezi,
na basi la Kolwezi linakula gunia la unga.
Aliyelipa nauli mara sita ana pointi.
Asiyelipa amekula bukari, amelala.

Mwenyekiti si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke.
Siku ya msiba wa baba gari lililobeba jeneza lilikuwa lake.
Akaweka kikombe chini taratibu:
"Mama Pelagi, tukianza kuwafungulia watu kwa huruma,
wengine tutawaambia nini?"

Niliyatazama majina matatu, wino haujakauka,
nikatafuta lililoingia kwa mlango mwingine.

Uwanja wetu ni udongo wa kichuguu.
Odilo huuponda, huuchekecha, huumwagia maji alfajiri,
na mpira ukianguka huacha alama.
Mkibishana, mwamuzi hushuka kitini,
huinama, huonyesha kwa kidole: hapa.
Haulizi alama ni ya mtoto wa nani.
Mezani kwetu hapakuwa na udongo.

Mikono mitatu ilipanda kwa ajili ya Nisha,
mpwa wa mwenyekiti.
Miwili ilibaki magotini, wangu na wa daktari Numbi,
ambaye baadaye aliniambia alikuwa anasinzia.

Masengo alinisubiri langoni, mgongo kwenye ukuta wenye jua.
Nikamweleza.
"Njo vile, mama," akasema,
kama mtu anayepokea chenji pungufu
na nyuma yake foleni ni ndefu.

Jumamosi alikuja, amevaa fulana ya waokota mipira.
Nisha alicheza vizuri. Nitasema nini?
Alicheza vizuri mno, alishinda seti mbili,
nami kivulini nilikuwa namwombea makosa,
mtoto wa watu, asiyejua hata tulikaa siku gani.
Hiyo pia ni dhambi yangu, iwekeni kwenye hesabu.

Kila alipotaka mpira, Masengo alimrushia,
ukadunda mara moja, ukatua kiganjani,
mrusho safi kuliko mipigo mingi niliyoiona siku ile.
Watu wakapiga makofi.
Walikuwa wanampigia Nisha.

Daftari la mkutano liko kwangu, kabatini, chini ya mashuka.
Ukurasa wa kumi na tisa unasema:
nafasi zote nne zilitolewa kwa kauli moja.
Waliniambia niandike hivyo.
Mwandiko ni wangu, herufi zimenyooka,
hata baridi haikuzitikisa.